Fataki Tatu Juu ya Reli

Mume wangu alivunja daraja moja tu maishani mwake, na lilikuwa na watu juu yake. Kwa kazi hiyo alipewa nishani. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kusikia habari zake zikianzwa katikati na watu ambao hawakuwepo, wananikalisha kiti cha mbele na kunisimulia mimi maisha yangu.

Alitoka kwao Kitui kwenda vita vya Mfalme akiwa kijana asiyejua hata kuendesha baiskeli. Huko Bama, ng'ambo ya bahari, wazungu walimfundisha kufunga baruti chini ya nguzo za daraja, kuvuta waya na kulala kifudifudi. Aliporudi, Bwana DC alimshika mkono mbele ya soko zima, akampa nishani yenye utepe na cheti kilichopigwa kwa mashine kusema kwamba huyu ni hodari wa baruti na mtu wa kuaminika. Mama mkwe alichinja mbuzi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka wakakaukwa koo. Hakuna aliyeuliza waliokuwa juu ya lile daraja walikuwa akina nani.

Mimi niliuliza, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, tukiwa tunakula. Aliniambia walikuwa askari wa Japani, na nyuma yao mikokoteni, na juu ya mikokoteni wanawake wa nchi ile na vyungu vyao. Kisha akasukuma sahani. Sikumuuliza tena.

Cheti kile tulikiweka katika sanduku la bati pamoja na cheti cha ndoa. Ndicho kilichompatia kazi ya reli, na kabla ya miaka mitano kwisha alikuwa nyapara wa genge, ana watu kumi chini yake. Tulikaa kwenye landi kati ya Makindu na Kiboko, vyumba vya mawe vimepangwa mstari mmoja kando ya njia, na miiba pande zote. Kazi ya genge ni kutembea juu ya reli kila siku ya Mungu, kugonga, kukaza, kupachika mataruma mapya ya kulalia reli, kupiga kokoto. Mume wangu aliipenda reli ile kuliko alivyonipenda mimi. Nasema hivyo bila wivu mwingi. Nadhani mtu aliyevunja daraja lenye watu anahitaji kitu cha kushikilia kisivunjike, na yeye alichagua maili nne za chuma.

Lazima nieleze fataki, maana hapa ndipo kila mtu anapopotea. Fataki ya reli ni kidude cha bati cha duara, ukubwa wa kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, kina baruti kidogo ndani na masikio mawili laini ya kukunja ili kishike juu ya chuma. Gurudumu la gari moshi likikikanyaga, kinalia kama bunduki. Hakivunji reli wala gurudumu, kazi yake ni kupiga kelele. Ukikuta njia imeharibika, unakimbia kuelekea upande gari linakotoka, unahesabu nguzo za simu ishirini na tano, unaweka fataki tatu, kila moja hatua kumi kutoka kwa mwenzake. Dereva akisikia milio mitatu anajua kwamba mbele ni hatari na anasimama. Kila dereva anajua. Kila mke wa landi anajua. Kosa langu mimi lilikuwa kudhani kwamba dunia nzima inajua.

Jambo la pili ni mito. Mito yetu ni mchanga. Unaweza kukaa miezi ukichimba maji ya kunywa kwa kibuyu mahali ambapo ramani inasema ni mto. Halafu siku moja, jua linawaka na hakuna wingu, mto unashuka. Mvua imenyesha milimani kwa watu wengine, na maji yanakuja kwako. Yanabeba miti, mbuzi, mawe. Baada ya saa chache pamekuwa mchanga tena, na mgeni akipita atakuapia kwamba hapo hapajanyesha tangu siku za Nuhu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Hali ya Hatari. Vita vilikuwa huko juu, kwa Wakikuyu, misituni. Kwetu vilifika kwa uvumi na kwa baraza za chifu, ambako tuliambiwa kuna magaidi, na gaidi ni mtu anayeua wasio na silaha ili wenye silaha waogope. Nilimtazama mume wangu siku hiyo. Alikuwa anatazama viatu vyake. Ilisemekana Wakamba wa reli walikuwa wanalishwa kiapo cha watu wa msituni huko Nairobi, kwa hiyo kila Mkamba wa reli alitazamwa mara mbili, na ruhusa za kusafiri zilifungwa.

Juma lile genge lote lilipelekwa Sultan Hamud kushusha kokoto, na bendera zote za kusimamishia gari wakaenda nazo. Mume wangu aliachwa alinde kipande chake. Ndipo habari ikaletwa kutoka Kitui kwamba mama yake yuko taabani. Aliomba ruhusa, akanyimwa. Jumatano jioni alikaa mlangoni na mikono yake mikubwa magotini.

"Mama anaenda," akasema, "na mimi nimekaa hapa nalinda mawe."

"Enda," nikamwambia. "Reli nitaangalia mimi."

"Wewe?"

"Kwani reli inauliza kama nimevaa suruali?"

Alicheka. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kicheko kingine chake baada ya hicho, na sijapata. Alifungua kasha la bati, akanipa fataki tatu, akanifundisha kukunja masikio yake juu ya ukingo wa kitanda. Akanifundisha kwenda kando hatua thelathini baada ya kuziweka, kwa sababu vipande vya bati huruka. Haikuruhusiwa. Fataki ni za nyapara peke yake, zimeandikwa kwa jina lake. Nikazificha kwenye chungu cha mbaazi, na alfajiri ya Alhamisi akaondoka kwa miguu, mwendo wa siku moja na nusu mpaka kwa mama yake, ng'ambo ya mto Athi.

Jumamosi, jua ndipo linachomoza, nikiwa nawasha moto, nilisikia mto. Unasikika kama watu wengi wanaohama na mifugo yao. Nilimfunga binti yangu mgongoni, alikuwa hajatimiza hata mwaka, nikakimbia mpaka kwenye kalvati, pale reli inapovuka mto. Maji ya rangi ya udongo yalikuwa yamekula tuta lote. Reli mbili zilibaki hewani na mataruma yananing'inia. Na hapo nikasikia honi kutoka Makindu, mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya heshima, kwa sababu madereva wa Kalasinga, wale Wahindi wa vilemba, hawapiti hekalu lao la Makindu bila kulisalimu. Ya pili ilikuwa ya kuondoka. Lilikuwa gari la abiria la kutoka Mombasa.

Nilirudi kwenye chungu, nikazitoa, nikakimbia. Nilihesabu nguzo kwa sauti kama mtoto wa shule. Kwenye ya kumi na saba nilianguka nikachubuka goti, mtoto akalia, nikamwambia lia tu, mwaitu, mama yangu, lia. Kwenye ya ishirini na tano niliziweka. Reli ilikuwa imeanza kutetemeka. Nikaenda kando hatua thelathini, si pungufu.

Zililia moja, mbili, tatu. Gari likapiga kelele ya breki, likapita mbele yangu likisota, likaenda kusimama nguzo sita kabla ya shimo. Nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na sioni haya kusema. Nikatembea haraka kulifuata, natabasamu peke yangu, nimejifuta uso, nimeiweka leso vizuri, kwa sababu nilijua nitashukuriwa mbele ya watu.

Milango ikafunguka wakaruka askari wa kizungu, vijana wekundu waliotoka melini siku mbili tu nyuma. Walilala chini na kuanza kuvifyatulia vichaka risasi, kulia na kushoto. Nililala kifudifudi na mtoto mgongoni. Nilisikia risasi zikikata majani juu ya mtoto wangu. Wema hauozi, walitufundisha misheni. Sawa, huenda hauozi, lakini asante ya punda ni mateke, na hilo hatukufundishwa misheni.

Walipochoka, kijana mmoja aliniona, akapiga kelele wenzake wasimame. Alinishika mkono akaniinua. Akatoa biskuti mfukoni, akampa mtoto. Walidhani nilikuwa natafuta kuni nikakutwa katikati ya vita. Mzungu mmoja mwenye shamba, abiria wa daraja la kwanza, akaja na afisa wao kuniuliza.

"Wewe! Wewe naona watu hapa? Watu mbaya?"

"Hapana, Bwana," nikasema.

Hilo ndilo neno langu la kwanza, na yote yaliyofuata yalizaliwa nalo. Ningeweza kusema ni mimi. Lakini bunduki zilikuwa bado moto, na kama ningesema ni mimi wangeuliza fataki nimepata wapi, na mwenyewe yuko wapi, na mwenyewe alikuwa Kitui bila ruhusa. Nikajiambia nitasema baadaye, watakapotulia. Sijui kama wewe umewahi kujiambia hivyo.

Dereva alishuka kutoka kwenye injini. Alikuwa Kalasinga mzee ambaye kila akipita landi alinipungia mkono, na siku nyingine alitutupia gazeti la kuwashia moto.

"Hii si bomu, Bwana," akamwambia afisa, na yule mwenye shamba akatafsiri. "Hii fataki ya reli. Mtu nasema sisi simama. Angalia mbele, daraja hapana. Sisi napona."

"Nani ameweka?" afisa akauliza.

Kalasinga alinitazama. Alitazama mikono yangu iliyokuwa na mafuta meusi ya reli, na goti langu lenye damu. Alimtazama mtoto anayetafuna biskuti.

"Mimi hapana jua," akasema.

Alinihurumia, na huruma yake ikamfunga mume wangu. Simlaumu yule mzee.

Wakaenda kuona shimo. Maji yalikuwa tayari yameshuka mpaka kwenye kifundo cha mguu, na mbingu ilikuwa safi. Afisa akauliza mvua imenyesha lini. Mwenye shamba, mtu wa nchi za baridi huko juu, asiyejua mito yetu kama mimi nisivyojua theluji, akajibu kwamba hapa mvua haijanyesha mwezi mzima, angalia vumbi. Kufika saa sita mto ulikuwa mchanga mtupu. Kwa hiyo maji hayakuwepo, na kama maji hayakuwepo, basi shimo limechimbwa na watu, na kama limechimbwa, basi ile milio ilikuwa mabomu. Watu wenye akili na shule waliyapanga hayo hatua kwa hatua mbele ya macho yangu, na kila hatua ilikuwa sawa isipokuwa ya kwanza. Kabla jua halijatua redio ilikuwa imesema magaidi wamejaribu kuangusha gari moshi.

Mume wangu alirudi Jumapili jioni. Askari walikuwa wamemngojea landi tangu jana yake. Wamehesabu fataki kwenye kasha, wamekuta tatu hazipo. Alipoona bunduki alinitafuta kwa macho, akaona goti langu limefungwa kitambaa, akaelewa yote kabla hajaulizwa.

"Ni mimi niliziweka," akasema. "Mto ulishuka. Mimi nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa?" akauliza inspekta wao. "Jana tulikutafuta asubuhi mpaka jioni. Ulikuwa hapa wapi? Ndani ya chungu?"

Wakaanza kupekua. Walifungua sanduku la bati, wakatoa nishani, na chini yake kile cheti. Inspekta alikisoma mara mbili, akamwita mwenzake naye akakisoma. Huyu ni hodari wa baruti na mtu wa kuaminika. Karatasi ile ile iliyochinjiwa mbuzi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: alipowavunjia watu wa mbali daraja, serikali ilimwandikia sifa, na zile sifa ndizo zilizokuwa ushahidi kwamba amewavunjia wao. Nishani waliichukua pia. Mpaka leo sijui ilikwenda wapi.

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua mdomo. Yeye akaniwahi kwa Kikamba, sauti ya chini kama mtu anayeagiza chumvi, akasema, "Lea mtoto." Kisha akanyoosha mikono wamfunge pingu. Mama yake alipona, kwa habari yenu. Aliishi miaka mitatu zaidi, akiuliza kila siku mwanawe haji kwa nini.

Hakukuwa na kesi. Kulikuwa na watu wa kuandika. Dereva aliitwa ofisini, akaulizwa milio ilikuwa mingapi, akasema mitatu, akaambiwa asante, aende zake. Yeye mwenyewe alinieleza hayo, amevua kilemba, analia, mzee mzima. Alitaka kuendelea lakini karani alikuwa ameshafunga faili. Mume wangu alipelekwa kambini, huko chini kuelekea Voi, kwenye nyaya za miiba, pamoja na watu wa kiapo ambao walimwona yeye ndiye mkubwa wao kwa sababu ati alikuwa na mabomu.

Mimi nilifukuzwa landi. Nilihamia Sultan Hamud, kwenye kibanda nyuma ya maduka, karibu na reli, nikawa nauzia abiria mayai ya kuchemsha. Kanisani akina mama walisogea wakaniachia benchi nzima. Mchungaji alihubiri juu ya Kaini na kila shingo iligeuka. Mke wa gaidi. Niliuza mayai kwa watu walioyapangusa mara mbili kabla ya kumenya.

Mara moja nilikwenda. Ulikuwa mwaka wake wa pili kambini. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikapanga mstari kwenye ofisi ya DO tangu asubuhi, nimekariri maneno yangu yote: ni mimi, Bwana, ni mke wake, niliziweka kwa mikono hii, mto ulishuka. Karani akauliza, "Shida gani, mama?" Binti yangu alikuwa ameshika gauni langu kwa nyuma. Nilijua kambi ya wanawake ipo. Nilijua watoto wa wanawake wale wako wapi na wanakula nini. "Nataka kibali cha kuuza mayai stesheni," nikasema. Akanipigia muhuri. Nilipofika nje nilikikunja kibali nikakitia kifuani. Ng'ombe haelemewi na nunduye, husema watu, na wanasema hivyo kwa sababu hawajawahi kumuuliza ng'ombe.

Waliponirudishia mume wangu ulikuwa umepita mwaka wa nne. Meno ya mbele hayakuwepo. Reli ilikataa kumchukua, na duka la Mhindi likakataa, na chifu akasema asionekane karibu na njia ya gari moshi. Alikaa ndani ya kibanda akisikiliza magari yakipita, na kwa sauti tu aliniambia hapa taruma limelegea, pale kokoto zimepungua. Nilimwomba msamaha siku ya tatu. Alisema, "Nilikwambia lea mtoto. Umelea." Akageukia ukuta. Hatukulizungumza tena, kwa miezi.

Halafu upepo ukabadilika. Sijui ulianzia wapi, sisi wa kuuza mayai hatuulizwi. Watu walianza kusema kura, wakaanza kusema uhuru, kwanza kwa kunong'ona, kisha hadharani. Mwanasiasa mmoja kijana, mwenye tai na baiskeli mpya, alifanya mkutano kiwanjani Sultan Hamud, na kwa kuwa polisi walikuwa wamesimama nyuma wakiandika, alizungumza kwa mafumbo. "Kuna mtu hapa kwetu," akasema, "gari moshi la wazungu linamjua. Lilimsikia siku moja likasimama lenyewe." Akanyoosha kidole kwa mume wangu. Watu wakapiga kelele ambayo sikuwa nimeisikia tangu lile soko la Kitui. Mwanamke aliyekuwa kando yangu, yule yule aliyekuwa akipangusa mayai yangu, alinishika bega akaniambia, "Dada yangu, pole. Ni vile tu baruti ilikuwa kidogo. Angeweka nyingi, wote wangekwisha."

Nilikumbuka yule kijana wa biskuti. Alikuwa na chunusi kidevuni. Huyo ndiye aliyepaswa kwisha, na Kalasinga, na abiria wa daraja la tatu waliolala juu ya mizigo yao, Wakamba na Waluo na Wataita. Nilimtazama mume wangu nikingoja akane. Hakukana. Aliinua mkono.

Kuanzia siku hiyo chai yake hotelini ilikuwa ya bure. Walimwachia kiti. Vijana walimzunguka, na yeye, mtu wa maneno matatu kwa siku, akaanza kusimulia. Fataki tatu zikawa kasha. Kasha likawa baruti aliyoificha tangu Bama. Mto haukuwepo katika hadithi yake. Mzungu mwenye shamba na mume wangu sasa walikubaliana kwamba mto haukushuka. Mimi pia sikuwepo. Kanisani akina mama wakaniita benchi la mbele, na mchungaji akahubiri juu ya Gideoni.

Jioni moja nilimwambia, "Unajua ulikokuwa siku ile. Ulikuwa kwa mamako."

"Nilivunja daraja lenye watu, wakanipa nishani," akasema. "Tuliokoa gari, wakaning'oa meno. Sasa hawa wananipa chai. Niache ninywe chai."

Ni mimi niliyemfikisha hapo. Labda ningeliacha hivyo mpaka tufe.

Lakini binti yetu alikuwa amefika umri wa kwenda shule, na shuleni alikuwa mkubwa wa wote kwa sababu ya baba yake. Siku moja mchana, nikiwa narudi kisimani, nilimwona yeye na wasichana wenzake wawili wamechutama kwenye reli, mahali inapokata kona. Walikuwa wamejenga rundo la mawe juu ya chuma, mawe makubwa ya kuokotwa na mikono miwili, wameyapanga vizuri. Kisha wakaenda kando kulala kifudifudi majanini. Binti yangu alikuwa anahesabu hatua za kwenda kando. Gari la Mombasa lilikuwa tayari limepiga honi.

Nilitupa debe la maji nikakimbia. Sikuhesabu nguzo. Niliondoa mawe yale kwa mikono na kwa miguu, la mwisho nikalisukuma kwa tumbo, na injini ikapita hapo nikiwa nimelala kando ya kokoto, upepo wake umenivua kitambaa cha kichwa. Hakuna aliyesimama, na hakuna aliyejua. Abiria mmoja alitupa ganda la ndizi.

Nilimburuta mtoto mpaka nyumbani nikamchapa kwa fimbo. Alipiga kelele, "Lakini baba alifanya! Baba alifanya, na watu wakampigia makofi!" Mume wangu alikuwa mlangoni, kama alivyokaa jioni ile ya landi, mikono magotini. Fimbo ilianguka yenyewe.

"Mwambie," nikamwambia. "Mwambie ilivyokuwa. Leo angeua watu."

Alimtazama mtoto, kisha mimi. Alipitisha ulimi mahali penye mapengo.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi nikimwambia, nitakuwa nani?" Akasimama, akavaa kofia, akaenda hotelini kwake.

Basi nilimwambia mimi. Nilimweka kando yangu na ungo wa mbaazi za kumenya katikati yetu, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka. Nilimwambia juu ya mto, na nguzo ishirini na tano, na goti, na biskuti aliyokula yeye mwenyewe. Nilimwonyesha kovu. Hakuwa na furaha. Nilimwona akimpoteza baba yake pale pale, ganda kwa ganda, na mimi sikumpa kitu cha kuweka mahali pake. Mama aliyesimamisha gari lisianguke si hadithi ya kusimulia shuleni.

Kisha akauliza kile ambacho afisa, na inspekta, na karani, na mchungaji, na yule kijana wa tai hawakuwahi kuniuliza.

"Kama ni wewe uliweka, mwaitu, kwa nini walifunga baba?"

"Kwa sababu mimi nilinyamaza," nikasema.

Halafu akasogeza ungo upande wake, akaendelea kumenya.